Siku Moja na Mwongozaji: Kuvua Wolai na Besi Ziwa Mille Lacs Mwanzoni mwa Kiangazi

Minnesota hujiita nchi ya maziwa 10,000, na kwa hesabu ya jimbo lenyewe yanazidi idadi hiyo. Wakenya, Watanzania na Wakongomani waliohamia Brooklyn Park, Saint Paul au Rochester hupita kando ya maji hayo kila siku, lakini wanaotia mshipi ni wachache. Kinachowazuia kinajulikana. Leseni haieleweki, sheria ni kijitabu kizima, boti ni ghali, na samaki wenyewe si sato wala sangara tuliowazoea. Ukimkodi mwongozaji wa uvuvi kwa siku moja, vikwazo hivyo vinaondoka kwa mkupuo. Sharti ni moja tu: uende kama mwanafunzi. Ukienda kama abiria utarudi na picha. Ukienda kama mwanafunzi, mara ya pili hutahitaji kumlipa mtu.

Mwongozo huu unahusu Ziwa Mille Lacs, lililoko kiasi cha maili 100 kaskazini mwa Minneapolis. Ni ziwa pana la zaidi ya ekari 130,000, lakini si la kina kirefu. Penye kina kabisa ni kama futi 42. Nimelichagua kwa sababu samaki wote wawili tunaowatafuta, wolai na besi, wanapatikana humo kwa wingi, waongozaji ni wengi, na kutoka mjini unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kwa nini Juni

Wolai, kwa jina la kisayansi Sander vitreus, amekuwa samaki rasmi wa Minnesota tangu 1965. Hutaga mayai Aprili barafu inapoyeyuka, maji yakiwa na nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi. Ikifika Juni amekwisha kupumzika, ana njaa, na anaanza kuhama kutoka ukingoni kuelekea miinuko ya tope iliyo katikati ya ziwa. Besi wa mdomo mdogo hutaga baadaye, maji yakifika nyuzi 15 hadi 18, yaani kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni. Wakati huo hukaa karibu na mawe, kwenye maji mafupi ambako hata mgeni anaweza kumwona kwa macho. Kwa wiki chache, basi, boti moja inaweza kuwafuata wote wawili kwa siku moja. Julai na Agosti maji yanapata joto, wolai anazama, na samaki unayemrudisha majini ana hatari kubwa zaidi ya kufa.

Msimu wa wolai hufunguliwa katikati ya Mei, na siku ya ufunguzi ni kama sikukuu. Watu hujaa, baridi bado ni kali, na bei ziko juu. Mtu anayeanza namshauri aiache wikiendi hiyo. Chukua siku ya katikati ya wiki, ndani ya majuma mawili ya kwanza ya Juni.

Hatua ya kwanza: amua ni boti gani

Mille Lacs kuna njia mbili za kwenda na mwenyeji. Ya kwanza ni boti kubwa za hoteli za ukingoni, zinazobeba watu wengi kwa pamoja. Unalipa kwa kichwa, mnakaa majini saa chache, na wahudumu wanakuwekea chambo. Kwa familia yenye watoto, au kikundi cha kanisa au msikiti kinachotaka kufurahi bila gharama kubwa, hii inafaa sana. Lakini hutajifunza mengi, kwa sababu mhudumu mmoja anahudumia watu wengi.

Ya pili ni mwongozaji binafsi mwenye boti ya futi 18 hadi 20, anayechukua watu wawili au watatu. Hapa unalipia boti nzima, nusu siku au siku kamili, na gharama hufika mamia kadhaa ya dola. Mkiwa watatu mnagawana. Hii ndiyo ninayoipendekeza, na maelezo yaliyobaki yanaihusu.

Hatua ya pili: mpigie simu na umwambie unachotaka

Usiishie kwenye ujumbe na kulipa mtandaoni. Piga simu. Mwongozaji mzuri atakuuliza kama umewahi kuvua, kama kuna watoto, na kama unataka samaki wa kula au wa kupiga picha. Asipouliza lolote zaidi ya tarehe na kadi ya benki, tafuta mwingine.

Nawe muulize haya. Je, vifaa na chambo vimo ndani ya bei? Kwa kawaida vimo, lakini chakula na vinywaji ni juu yako. Upepo ukichafuka, malipo ya awali yanarudishwa au mnapanga siku nyingine? Mille Lacs ni pana na fupi kwa kina, hivyo mawimbi hupanda haraka, na mtu mwenye akili hatoki majini siku ya namna hiyo hata mteja akilalamika. Je, ana bima, na ana leseni inayotakiwa ya kubeba abiria kwa malipo katika ziwa hilo? Je, atasafisha samaki mkirudi?

Kisha mwambie waziwazi: "Nataka unifundishe. Nataka nifunge ndoano mwenyewe, na unieleze kwa nini tumesimama hapa na si pale." Wengi wao hufurahi mno kusikia hivyo, maana wateja wengi huwaomba samaki tu. Sentensi hiyo moja hubadilisha siku nzima.

Hatua ya tatu: leseni, sheria na karatasi zako

Mtu yeyote mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anahitaji leseni ya uvuvi ya Minnesota, na leseni ya mwongozaji haikufuniki wewe. Hununuliwa kwenye tovuti ya idara ya maliasili ya jimbo, ambayo watu wote huiita DNR, au kwenye duka la chambo. Ukiwa umeishi Minnesota siku 60 au zaidi unahesabiwa mkazi na unalipa bei ya mkazi. Mgeni anaweza kukata leseni fupi ya saa 24, ya saa 72 au ya siku 7, kwa hiyo ndugu aliyekuja kutembea kutoka Nairobi au Dodoma naye ana nafasi. Wikiendi ya Siku ya Mama mwezi Mei, akina mama wakazi wa jimbo huvua bila leseni.

Majini kila mtu ana ruhusa ya mshipi mmoja tu. Idadi na urefu wa samaki wa kubeba ndivyo vinavyowachanganya watu. Mille Lacs ina kanuni zake, tofauti na za jimbo zima, na hubadilika mwaka hadi mwaka, pengine hata msimu ukiwa katikati. Mwaka 2016, kwa mfano, kila wolai aliyevuliwa kiangazi kwenye ziwa hili alitakiwa kurudishwa majini. Soma kanuni za ziwa hili kwenye tovuti ya DNR usiku wa kuamkia safari, hata kama mwongozaji amekwambia anazijua. Faini inaandikwa kwa jina lako.

Kuna jambo lingine ambalo mgeni ni vizuri alijue kabla hajasikia manung'uniko ya watu kwenye gati. Ziwa hili liko katika nchi ya Waojibwe, kabila la wenyeji wa asili. Kwa mkataba wa 1837 walibaki na haki ya kuwinda na kuvua katika ardhi waliyoikabidhi, na Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha haki hiyo mwaka 1999. Kila mwaka jimbo na makabila yenye haki hiyo hukadiria kiasi cha wolai kinachoweza kuvuliwa bila kuliumiza ziwa, kisha hugawana. Ndiyo maana kanuni hazitulii. Ukimsikia mtu akiwalaumu wenyeji kwa nyavu zao za masika, kumbuka kwamba wao wanatumia haki yao ya kisheria, na walikuwa hapa kabla ya boti zote hizi.

Kuhusu karatasi za uhamiaji, naomba usikie vizuri. Utatangaziwa pia Lake of the Woods, ziwa kubwa la wolai lililoko mpakani na Kanada. Sehemu ya Minnesota iitwayo Northwest Angle, kwa barabara, haifikiki bila kupita Kanada, na boti majini zinaweza kuvuka mpaka. Kama kesi yako ya hifadhi haijaisha, au viza yako ni ya kuingia mara moja, usijiingize huko bila kuzungumza na mwanasheria. Maziwa ya Mille Lacs, Leech Lake na Winnibigoshish yako ndani kabisa ya jimbo, hayana utata huo.

Hatua ya nne: unachobeba

Mavazi ya tabaka. Alfajiri ya Juni ziwani inaweza kuwa nyuzi 8, na mchana ikapanda hadi 27. Koti la mvua lisilopitisha upepo, kofia, dawa ya mbu, mafuta ya kukinga jua, maji ya kutosha. Viatu viwe na soli laini isiyoteleza. Miwani inayokata mng'ao wa maji ni ya lazima, maana bila hiyo huoni mawe wala besi. Chai ya maziwa kwenye chupa na mandazi. Mwongozaji naye mwonjeshe.

Jaketi la kuokolea lina aya yake, kwa kuwa wengi wetu hatukujifunza kuogelea. Sheria ya Minnesota inamtaka mtoto wa chini ya miaka 10 alivae muda wote boti ikiwa mwendoni. Kwa mtu mzima inatosha liwemo botini. Wewe livae tangu gatini hadi gatini. Maji ya mapema Juni bado ni baridi, na baridi hiyo humkata pumzi hata muogeleaji hodari. Mwambie mwongozaji mapema kwamba huogelei. Si aibu, na kwake ni taarifa muhimu.

Hatua ya tano: majini, alfajiri na wolai

Jicho la wolai lina ukungu wa fedha, na ukimmulika usiku linawaka kama la paka, kwa sababu nyuma yake kuna tabaka linalorudisha mwanga. Anaona vizuri gizani kuliko samaki wadogo anaowala. Hapo ndipo ratiba ya siku inapotoka: wolai alfajiri na jioni, besi mchana. Mille Lacs jambo hili lina uzito zaidi tangu kome milia, kome wavamizi waliogunduliwa ziwani mwaka 2005, walipoanza kuyachuja maji na kuyafanya maangavu. Basi mwombe mwongozaji muondoke gatini mapema kadiri kanuni za ziwa zinavyoruhusu. Akisema saa mbili asubuhi, jadiliana naye.

Njia ya kwanza atakayokuonyesha huenda ikawa ya chubwi, yaani kizito kidogo, inayoteleza. Chubwi ya wakia 1/4 hupitishwa kwenye mshipi mkuu unaohimili ratili 6 hadi 8, ikazuiwa na kiungo kidogo cha chuma, na baada ya kiungo unafuata mshipi mwembamba wa futi 6 hadi 8 wenye ndoano ndogo. Kwenye ndoano anawekwa ruba. Naam, ruba hai, mweusi, yule anayenyonya damu, ingawa hawa wa chambo hawana hamu na mkono wako. Mchome upande wa kinyonyio kikubwa ili aogelee akiwa amenyooka. Mei visamaki hai hufanya kazi vizuri, lakini maji yakipata joto ruba na nyungunyungu ndio wanaopendwa.

Mota ya umeme inaisogeza boti polepole, nusu maili hadi maili moja kwa saa, kando ya mwinuko wa tope. Chubwi inagusa chini, wewe umefungua rili (gurudumu la kukunjia mshipi) na kuushika mshipi kwa kidole cha shahada. Na hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Wolai havuti kwa nguvu kama besi. Unachohisi ni uzito tu, kama kitambaa kibichi kimenasa kwenye ndoano. Usipige papo hapo. Achia kidole, mshipi utoke, hesabu taratibu hadi tano. Funga rili, zungusha hadi mshipi ukaze na uhisi uzito ukitikisika, kisha vuta fimbo kwa upande kwa mwendo mmoja mrefu usio wa ghafla. Mwombe mwongozaji asimame karibu nawe kwa samaki wa kwanza na akuambie lini uachie, lini ufunge. Ukishaipata hisia hiyo kwenye kidole, hakuna anayeweza kukunyang'anya.

Njia ya pili ni ya boya linaloteleza, nzuri mno jioni juu ya miamba. Kifundo kidogo cha uzi kwenye mshipi ndicho kinachopanga kina. Unataka ruba aning'inie futi moja juu ya mawe. Boya likizama, kusanya mshipi uliolegea kwanza, ndipo uvute. Hii ndiyo utakayoweza kuirudia mwenyewe kutoka gatini, hivyo hakikisha umekifunga kifundo hicho kwa mikono yako zaidi ya mara moja.

Katikati ya Juni kuna siku wadudu wa majini huibuka kwa maelfu kutoka kwenye tope na kuganda kwenye nguo, kofia na kioo cha gari. Wolai hushiba mabuu yao, na chambo chako hakitazamwi. Mwongozaji hana kosa hapo. Mwambie mhamie kwa besi mapema.

Samaki akifika botini, mtazame. Ubavu wa dhahabu iliyokolea, tumbo jeupe, na ncha nyeupe chini ya mkia. Meno yake ni makali na vifuniko vya matamvua hukata, basi usimtie kidole mdomoni wala chini ya matamvua. Mshike nyuma ya kichwa, mkono ukiwa umelowa.

Hatua ya sita: mchana na besi

Besi mnaweza kuwa mmemsikia nyumbani. Ndugu yake wa mdomo mkubwa alipelekwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Wa Mille Lacs anayesifika ni wa mdomo mdogo. Kuwatofautisha ni rahisi: kwa mdomo mdogo taya huishia chini ya jicho, kwa mdomo mkubwa huenda nyuma ya jicho.

Mtaenda kwenye mawe yaliyo futi 4 hadi 12. Simama mbele ya boti na miwani yako, utaona madoa meupe ya mviringo kwenye changarawe. Hivyo ni viota, na dume anavilinda. Nina msimamo hapa: dume aliye juu ya kiota mwache. Ukimtoa hata kwa dakika chache, samaki wengine huvamia na kula mayai. Mwombe mwongozaji awafuate waliokwisha kumaliza kutaga, kwenye ukingo wa miamba palipo na kina zaidi.

Chambo ni kipande cha plastiki laini cha inchi 3 kwenye ndoano yenye kichwa cha risasi cha wakia 1/8 au chini. Rusha, acha kizame, kisogeze kidogo, acha tena. Besi hugonga, na unahisi pigo hilo hadi kwenye kiwiko. Huyu usimhesabie tano, vuta mara moja. Akipanda kuruka, teremsha ncha ya fimbo karibu na maji na usilegeze mshipi. Besi hana meno ya kukata. Kidole gumba mdomoni na vidole vingine chini ya taya vinatosha kumshika.

Mrudishe majini. Kaskazini hii anakua polepole, na wa inchi 20 huenda ana zaidi ya miaka kumi.

Hatua ya saba: wa kula

Samaki mnayemrudisha asikae nje zaidi ya muda wa picha moja. Mnayembeba awekwe kwenye barafu mara moja. Waliovuliwa kwenye ziwa lenye kanuni ya urefu wabaki wazima, na kichwa na mkia, mpaka mtoke majini. Minofu ya kusafirisha huachiwa kipande cha ngozi yenye magamba, inchi moja kwa inchi moja, ili askari wa wanyamapori atambue ni samaki gani. Simama karibu na mwongozaji anaposafisha, kisha mwombe kisu umalizie wa mwisho wewe.

Wolai wa inchi 15 hadi 18 ndiye mtamu, mnofu mweupe, mgumu kidogo, hauna shombo. Limau, chumvi, kitunguu saumu, pilipili manga, pakaza unga wa mahindi, kaanga kwenye mafuta yaliyochemka vizuri. Kwa ugali na sukuma wiki hahitaji mchuzi. Wakubwa, mbali na kanuni, wana zebaki zaidi. Idara ya afya ya Minnesota hutoa maelekezo ya kiasi cha kula kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Yasome kabla hujamgawia mama mjamzito.

Bakshishi kwa mwongozaji ni asilimia 15 hadi 20, mkononi, siku hiyohiyo. Chambo kilichobaki kitupe kwenye pipa la taka, kamwe si ziwani. Ukipewa visamaki uende navyo, sheria inataka maji ya ziwa yamwagwe kabla hujaondoka ukingoni. Hiyo ni kuzuia kome milia na wenzake wasihamie kwenye ziwa lingine.

Wiki inayofuata

Usiache mwezi upite. Kwenye kona ya kusini-mashariki ya Mille Lacs ipo Bustani ya Jimbo ya Father Hennepin, yenye magati ya kuvulia. Mkazi wa Minnesota anaruhusiwa kuvua bila leseni katika bustani nyingi za jimbo akiwa ukingoni au gatini, ila gari linahitaji kibali cha kuingilia, na kanuni za ziwa zinabaki zilezile. Nenda jioni na boya linaloteleza na kikopo cha ruba. Kama safari ni ndefu, Ziwa Minnetonka, magharibi tu ya Minneapolis, limejaa besi wa mdomo mkubwa kwenye magugu maji. DNR pia imejenga magati na kupandikiza samaki kwenye mabwawa ya mitaani kote mjini, na kwenye tovuti yao kuna ramani ya yaliyo karibu na kwako. Fimbo ya futi 6 na nusu, mshipi wa ratili 8, chubwi chache, boya na ndoano ndogo ndivyo vifaa vyote unavyohitaji kuanza.